Usilale Wadini

Kwetu neno wadi lina kazi mbili. Mgonjwa hulazwa wadini, na Mkenya humpigia kura mwakilishi wa wadi yake. Hizo zote tumezipata kwa Waingereza. Ipo wadi ya tatu, ya Kiarabu, nayo ni bonde kavu ambalo mvua ikinyesha milimani hugeuka mto. Wadi Kabir, mtaa wa Muscat ulio jirani na Ruwi, maana yake ni bonde kubwa. Leo bonde hilo limejaa maghorofa, gereji na maduka ya magari, na ndiko anakoishi ami yangu, ambaye wazee wake walitoka Unguja.

Ami ana Hiace kuukuu. Aling'oa viti vya nyuma, akapigilia kitanda cha mbao, akaweka jiko dogo la gesi na madumu ya maji. Karibu kila kitu alikipata mtaani humohumo, kwa mafundi na kwenye soko la Ijumaa la vitu vya mkono wa pili. Gari hilo ndilo lililonifanya nidunduize nauli mwaka mzima. Nawaandikia wanachama wenzangu kwa sababu najua wapo wenye ndugu Muscat na wenye ndoto kama yangu, na likizo yetu ndefu huangukia Julai hadi Septemba, yaani nje kabisa ya msimu wa wageni kule.

Nje ya msimu kuna raha yake: vyumba hushuka bei na fukwe huwa tupu. Lakini jiulize kwa nini ziko tupu. Neno msimu lenyewe ni la mabaharia, limetokana na Kiarabu, na asili yake ni majira ya pepo. Kaskazi ilileta majahazi Unguja, kusi ikayarudisha Arabuni, na kusi ilipofikia ukali wake manahodha hawakutweka tanga. Anayesafiri kwa gari naye anatawaliwa na pepo hizohizo.

Kwenye pwani ya Muscat, Julai ni joto lisilopumzika hata usiku. Mjini Quriyat, kusini-mashariki ya Muscat, tarehe 26 Juni 2018, joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6 kwa saa 24 nzima. Hiyo ndiyo ilikuwa baridi ya usiku! Ndani ya bati la gari mtu hapati usingizi, anapata ugonjwa. Wapo wanaofikiria kuacha injini ikinguruma ili kiyoyozi kifanye kazi. Moshi wa gari lililosimama unaweza kuingia ndani na kumuua aliyelala bila hata kumwamsha.

Milimani kuna nafuu, ila njia ina masharti. Ukitaka kupanda Jabal Akhdar, pale Birkat al-Mouz kuna kizuizi cha polisi, na gari lisilovuta kwa magurudumu yote manne hurudishwa. Hiace ya ami haipiti.

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba kusi ileile inayoacha pwani ya Muscat ikiungua hupeleka ukungu na manyunyu Salalah, kiasi cha kilomita 1,000 kusini. Majira hayo wao huyaita kharifu, kuanzia mwishoni mwa Juni hadi Septemba. Milima huwa ya kijani, barabarani huuzwa madafu na ndizi, na wageni kutoka nchi za Ghuba humiminika. Kwa hiyo katika nchi moja, mwezi mmoja, huku si msimu na kule ndio msimu wenyewe. Tulikwenda. Njiani, Haima, ami alikataa katakata tulale garini jangwani, tukachukua chumba. Salalah tukalala garini na blanketi juu.

Lakini somo kubwa nililipata kabla ya safari hiyo, tulipotoka kutembea upande wa Quriyat. Tulipita bonde zuri, tambarare, lenye migunga na kokoto zilizotandazwa vizuri kama uwanja. Nikamuuliza kwa nini watu hawapigi kambi pale.

"Mwanangu," akasema, "hizi kokoto unadhani kazitandaza nani?"

Sikuwa na jibu. Akanionyesha vijiti na nyasi kavu vilivyonasa kwenye matawi ya mgunga, juu ya kichwa changu. Maji yalikuwa yamefika hapo.

Mvua inaweza kunyesha mbali, wewe uko chini ya nyota, na maji yakakufikia. Juni 2007 kimbunga Gonu kilifurisha Muscat. Oktoba 2021 kikaja Shaheen. Aprili 2024 mafuriko ya ghafla yaliua watu, wakiwemo wanafunzi waliosombwa wakiwa garini. Tazameni miezi hiyo: ni maleleji, pepo zinapobadilishana zamu, na vimbunga vya Bahari ya Arabuni hupenda nyakati hizo. Tena ni nyakati ambazo msafiri wa bei nafuu huzitamani, maana joto limepungua au halijapanda. Kuvuka wadi linalotiririka ni kosa la jinai Oman, na sheria hiyo haikutungwa kwa mzaha.

Basi anayeanza afanye hivi. Aegeshe mahali palipoinuka, na kabla jua halijazama akague matawi yaliyo karibu. Asiegeshe karibu na nyumba za watu bila kuomba ruhusa. Salamu hufungua njia, na Muscat si ajabu kujibiwa kwa Kiswahili. Kambi za mjini na fukweni aulizie manispaa kwanza. Ras al-Jinz, kasa wanakotagia, asikaribie ufuo usiku bila kiongozi, kwani taa huwapoteza watoto wa kasa.

Na mwenye likizo ya Julai tu, kama mimi, alale kwa ndugu zake Wadi Kabir, atembee alfajiri, na usiku wa garini auweke kwa ajili ya Salalah. Mwenye subira asubiri Desemba, kaskazi ikivuma.