Kibanda Juu ya Mawe

Ndugu zetu wa Walikale na wa machimbo mengine ya porini, nyinyi muko na bahati moja ambayo pengine hamuioni: udongo. Mukikata fito, munazichomeka chini na zinasimama. Siye wa Mabanga, hapa Goma, tunakaa juu ya lava ya volkano. Kwa Kilingala mabanga ni mawe, na kweli jina linatufaa.

Mwaka 2023, vita vilipofukuza watu wengi kule Masisi, shangazi yangu alitufikia na wajukuu watatu, mdogo wao akikohoa sana. Nyumba yetu ni vyumba viwili na tulikuwa tayari watu tisa. Nikasema nitawajengea kibanda uani. Nikachukua baramini, nikapiga jiwe mpaka saa sita. Shimo halikutosha hata kuweka kikombe. (Ni mawe haya haya yaliyokataa kuchimbwa vyoo mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda walipojaa hapa, na kipindupindu kikaua maelfu.) Basi nikafunga bashi kwenye ukuta wa mbao, ikalala sawasawa kama meza. Usiku mvua ikanyesha, maji yakajaa katikati, yote ikaanguka juu ya watoto.

Asubuhi shangazi hakunigombeza. "Vunja, mutoto yangu," alisema. "Hapa muti haisimame na shimo. Inasimama na mwenzake."

Yeye ni mzaliwa wa Walikale, na kazi hii aliijifunza kwa wanawake Bambuti. Kwao mama ndiye anayejenga. Alinunua fito mbichi za mikaratusi kwa mwenye chukudu, akakunja kila moja juu ya goti. Iliyolia aliitupa kwa kuni. Mbili mbili akazikutanisha juu kama upinde, akazifunga, kisha akazungushia nyingine kwa ubavu, toka chini mpaka juu, kama mtu anayesuka kitunga. Ukisukuma fito moja, zote zinaikamata. Miguuni akarundika mawe, makubwa kwanza, madogo ya kukaza.

Porini Bambuti wanafunika kwa majani ya mangongo: wanapasua kikonyo, wanakitundika kwenye fito, wakianzia chini, ili jani la juu lilalie la chini na maji yateleze. Mimi nilitaka kutandika bashi yangu nzima toka juu. Alikataa. Ilikuwa imepasuka, kwa hiyo akaikata vipande vipana na kuvipanga kama majani yale, cha chini kwanza. Ndani tukamwaga changarawe kimo cha kiganja, juu yake majani makavu, halafu mkeka, maana mfereji hauchimbiki hapa.

Saa kumi na moja kilikuwa tayari. Usiku mvua ilirudi na upepo wa ziwa. Nilitoka mara mbili na tochi kuangalia. Mara ya pili shangazi alinifukuza: "Enda ulale, utamuamusha mutoto."