Tuliwaita Wote Furu

Bibi yangu alikuwa na desturi moja. Kabla ya kumpasua furu aliyetoka majini muda huo huo, alimbinya taya kwa kidole gumba juu ya beseni la maji. Akiwa jike mwenye watoto, vilimtoka mdomoni visamaki vidogo kama punje za mpunga, macho tu, vikatawanyika. Furu hulea mdomoni: hubeba mayai humo, na vitoto vikitishwa hurudi humo humo. Bibi alijitwika beseni, akashuka mawe hadi ziwani, akamimina maji taratibu kama anayemwogesha mtoto mchanga. Ndipo akarudi jikoni.

Hiyo ni Mwanza, miaka ya 1970 ikielekea ukingoni. Katika kila kilo kumi za samaki wa chini ya ziwa, watafiti walikadiria kilo nane kuwa furu. Walikuwa wengi hata kikajengwa kiwanda cha kuwasaga wawe chakula cha mifugo. Nani angewaza kwamba kitu cha kusagwa kinaweza kwisha?

Sangara alikuwamo tayari, tangu alipopandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, lakini alikaa kimya muda mrefu. Ilipofika miaka ya 1980 akafumuka. Alikula furu mpaka akaanza kula watoto wake mwenyewe. Pesa aliileta, sikatai. Wapo waliosomeshwa naye. Minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya, mabondo, yaani vibofu vyake vya hewa, yakapata wanunuzi wa mbali zaidi, na sisi tukanunua mapanki: kichwa, uti wa mgongo, mkia.

Siwezi kumtwika sangara mzigo wote. Furu alikaushwa juani, juu ya mawe. Sangara ana mafuta mengi, anataka moshi na kuni. Miti ikakatwa, mvua ikashusha udongo, mashamba na miji vikamwaga vyao, maji yakatibuka.

Hapo ndipo moyo wangu hukwama. Kwenye miamba ya Ghuba ya Mwanza wanaishi furu wawili wanaokaribiana sana, dume mmoja wa rangi ya buluu, mwingine mwekundu mwenye ubavu wa manjano. Huyu mwekundu wanasayansi walimpa jina la Mwalimu Nyerere. Jike humchagua dume kwa rangi. Maji yanapokuwa maangavu, kila jike huenda kwa wa kwao. Yanapotibuka, wekundu na ubuluu havionekani tena. Majike hukosea, vizazi huchanganyika, na aina mbili hurudi kuwa moja iliyofifia. Samaki hajaliwa, hajavuliwa, na bado ametoweka.

Aina za furu katika ziwa hili zilikadiriwa kuzidi 500. Huenda 200 hazipo tena. Wanasayansi wenyewe walikuwa wamewapa wengi majina ya muda tu, wakitarajia kuwaeleza vizuri baadaye. Sisi tulioishi nao tuliwaita wote furu. Kwetu, mtu akifa, jina lake hutajwa na wasifu wake husomwa kabla ya udongo kurudishwa, na hata kitoto kilichoishi siku chache hutafutiwa jina. Nitaanzaje kuomboleza aina 200 ambazo sikuwahi kuzitofautisha moja na nyingine, nami nilizila zote kwa ugali?

Mwaka jana nilikuwa mwaloni nikinunua dagaa. Ndani ya sado niliona samaki mmoja mfupi, mpana kidogo, amekauka pamoja nao. Wapo waliobaki, na sehemu nyingine wameanza kuongezeka. Muuzaji akanyoosha mkono amtoe.

"Huyo furu tu, kaka. Ngoja nikuwekee dagaa."

Nikamwomba amwache. Nilimgeuza mkononi nikitafuta rangi. Jua lilikuwa limeichukua yote. Kisha, sijui kwa nini, nikambinya taya kwa kidole gumba.