Vyombo vya Mashini Katika Visiwa vya Lamu

Mwenye kwenda Lamu kwa njia ya bara hana budi kushuka garini Mokowe, kwani barabara hukoma pale penye maji na kisiwa kiko ng'ambo. Gatini huwa kumefungwa vyombo vya kila namna, na baada ya muda si mrefu msafiri amekwisha kuketi juu ya ubao pamoja na magunia ya unga, makanda ya kuku, watoto wa chuoni na akina mama waliojitanda mabuibui yao, na mashini inanguruma chini ya miguu yake. Hulipa nauli, akavuka, akaenda zake. Ni wachache wajiulizao ile nauli yagawanyika vipi, na ni kiasi gani kibakiacho mkononi mwa mwenye chombo jua linapokuchwa.

Swali hili si la wenye vyombo peke yao. Katika miji ya Lamu, Shela, Matondoni, Siyu, Faza na Kizingitini, nyumba nyingi zaishi kwa bahari, na mara kwa mara hutokea kijana akamwendea mamake au mjombake akamwambia, "Tuuze kile kiwanja," au, "Nipe dhahabu yako ninunue boti, na baada ya mwaka nitakurudishia." Kijana huyo hasemi uwongo. Amehesabu abiria, akazidisha kwa nauli, akatoa bei ya mafuta, na hesabu imemtokea nzuri. Lakini hesabu ile ina upungufu, na upungufu huo hauonekani mpaka dhahabu imekwisha kuuzwa.

Wazee wetu walipokwenda kwa tanga nao walikuwa na gharama zao: nguo ya tanga, kamba, pamba ya kalafati, sifa ya kupaka mbao na deheni ya chini ya chombo. Lakini upepo hauuzwi. Ikiwa ni kaskazi walikwenda na kaskazi, ikiwa ni kusi walirudi na kusi, na chombo kilicholala mwezi mzima pwani hakikudai kitu kikubwa. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, majahazi ya Ghuba yalianza kutiwa mashini za dizeli, na jambo hilo likaenea katika pwani yote hata likafika kwenye mitaa yetu. Tangu hapo safari haikungoja tena upepo, ila ilianza kungoja fedha.

Mashini hii ilibuniwa na Mjerumani, Rudolf Diesel, na ya kwanza iliyofaulu ilifanya kazi mwaka 1897. Haina plagi ya kutoa cheche. Hewa hubanwa ndani ya silinda hata ikawa moto sana, kisha mafuta hupulizwa humo yakawaka yenyewe. (Ajabu ni kwamba bwana huyo alitoweka baharini mwaka 1913, akiwa ndani ya meli iliyokuwa ikienda Uingereza.) Mafuta yake hayashiki moto kwa wepesi kama petroli, nayo hutumika machache zaidi kwa kazi ile ile. Ndiyo maana, ijapokuwa boti nyingi ndogo ziendazo mbio hufungwa mashini za petroli nyuma, vyombo vikubwa vichukuavyo watu na mizigo kwenda Kisiwa cha Pate hupendelea dizeli iliyokaa ndani.

Tuanze na mafuta, kwani ndiyo gharama ambayo kila mtu huiona. Mashini ya dizeli ikifanya kazi kwa nguvu zake zote hula karibu lita moja kwa saa kwa kila nguvu za farasi tano. Basi mashini ya nguvu 30 itakula kama lita sita kwa saa, na safari ya saa mbili, kwenda na kurudi, ni lita 24. Bei yenyewe haitulii: nchini Kenya hutangazwa upya kila tarehe 14 ya mwezi na Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati na Petroli, na mwenye chombo hawezi kupandisha nauli kila inapopanda, kwa kuwa abiria wake ni jirani zake.

Lakini liko jambo ambalo manahodha vijana hawapendi kuambiwa. Chombo kizito cha mbao hakiongezi mwendo bila ya kulipa sana. Ukipunguza mwendo kwa sehemu moja katika tano, nguvu ihitajiwayo hupungua karibu nusu. Na ijapokuwa safari itarefuka, mafuta ya safari nzima yatapungua kwa takriban thuluthi. Nahodha ashindanaye na mwenziwe ili atangulie gatini, akafika dakika 20 mbele, amemwaga baharini faida ya siku ile, na abiria wamempigia makofi.

Kisha ipo njia yenyewe. Vyombo viendavyo Pate hupita Mkanda, ule mlango mwembamba ulio kati ya Manda na bara, wenye mikoko huku na huku. Maji yakipwa, mlango huu huwa hauna kina cha kutosha, na kwa hiyo saa ya kuondoka haipangwi na saa ya ukutani bali na maji. Mwenye pupa apitaye maji yakiwa machache hukwangua matope, na hapa ndipo mahali na mashini vinapogombana. Mashini nyingi za baharini hupozwa kwa maji ya bahari yavutwayo na pampu yenye kizunguzo cha mpira. Ikivuta matope na mchanga, mpira ule hulika; ukikatika, maji hayapandi; yasipopanda, mashini huchemka, na kichwa cha silinda hupasuka au hupinda. Kijipande cha mpira kitoshacho kiganjani huweza kuua mtambo uliouziwa kiwanja. Watengenezaji hunasihi kibadilishwe kila mwaka hata kama chaonekana kizima.

Maji ya chumvi ni adui asiyelala. Hula chuma ndani na nje, na kwa sababu hiyo hufungwa vipande vya zinki viliwe badala yake. Vikiisha nusu, sharti vitiwe vingine. Oili hubadilishwa kila baada ya saa 100 hadi 250 za kazi, kwa kadiri ya mashini na maagizo ya mtengenezaji wake, na filta pamoja nayo. Mafuta yaliyochukuliwa kwa madebe machafu huwa na maji na takataka, na nozeli ya dizeli haivumilii uchafu hata kidogo. Tena tangi lililoachwa nusu usiku hufanya jasho ndani yake, na jasho hilo ni maji.

Yote haya si makubwa kwa bei, lau yangalifanywa kwa wakati wake. Lakini spea zisizopatikana Lamu huagizwa Mombasa, zaidi ya kilomita 300 kwa barabara, na siku chombo kingojapo spea ni siku ambazo mabaharia wala, watoto wa mwenye chombo wala, na nauli haiingii. Wako waepukao bei ya mashini ya baharini kwa kufunga mashini iliyotoka katika lori. Huenda vizuri kwa muda. Kisha, kwa kuwa haikutengenezwa kupozwa kwa maji ya chumvi, huanza kuoza kwa ndani pasipo mtu kuona. Urahisi wa namna hii ni ghali sana.

Mwili wa chombo nao una haki yake. Huko Matondoni, mji wa mafundi wa majahazi, vyombo hungojea bamvua ili vipandishwe pwani. Hapo huonekana mambo ambayo tanga halikuyaleta. Mtetemo wa mashini hulegeza misumari na kufungua maungio ya mbao, na kwa hiyo kalafati hutakiwa mara nyingi zaidi kuliko zamani. Wadudu watoboao mbao hawakupungua. Chaza na mwani washikao chini ya chombo na juu ya rafadha huongeza mafuta pasi na nahodha kujua sababu, akadhani mashini imechoka ilhali ni chombo kinachohitaji kukwaruzwa.

Sasa turudi kwenye ule upungufu wa hesabu. Katika desturi ya vyombo vya tanga, gharama za safari zilitolewa kwanza, kisha kilichobaki kikagawanywa baina ya mwenye chombo na mabaharia kwa mafungu waliyoyajua. Desturi hii ni njema, lakini mashini ilipoingia, wengi hawakuipa fungu lake. Na tufanye mfano: mashini imenunuliwa kwa shilingi 600,000, nayo itadumu miaka sita. Kila mwaka shilingi 100,000 za mtambo zimekwisha kutumika, yaani zaidi ya shilingi 8,300 kila mwezi, kabla ya kununua hata debe la oili. Fedha hizi hazidaiwi na mtu, kwa hiyo zaonekana kama faida, zikagawanywa, zikaliwa. Mwaka wa sita mashini hufa na mfuko ni mtupu.

Khasa jambo hili lapasa kutazamwa palipo na ushirika, ambapo mmoja ametoa mali na mwingine ametoa kazi. Mafakihi wamekwisha kueleza kwamba katika mudharaba faida haijulikani mpaka rasilimali iwe imesalimika. Ikiwa rasilimali ya mama imegeuka mashini, na mashini yapungua kila siku kwa kutumika, basi kugawana nauli yote ni kugawana dhahabu yake kidogo kidogo huku ikiitwa faida. Kijana hakukusudia kudhulumu. Hata hivyo mwisho wake mama ametoka mikono mitupu, na kijana, kwa haya, amekimbilia mkopo wa riba ili anunue mashini nyingine.

Mwenye chombo akifariki, mambo huzidi ugumu. Deni la mashini hulipwa kabla ya urithi kugawanywa, na chombo hakikatwi mapande kama shamba la minazi. Palipo na daftari lililoandikwa siku ilipofungwa mashini, saa ilizofanya kazi, oili ilipobadilishwa, nani alitoa nini na fungu la mtambo limefika wapi, warithi huweza kukiuza chombo kwa bei yake, au mmoja akawanunua wenziwe. Pasipo na daftari, chombo hubaki kimefungwa mikokoni wakati ndugu wanabishana, na kila bamvua huzidisha maji ndani yake.