Mathe Amekataa Kusaini: Bro Wangu, Sacco na Land Rover

Kuna fomu ya Sacco iko kwa droo ya mathe, chini ya Biblia na risiti za stima. Hii ni wiki ya tatu imekaa hapo. Imejazwa kila mahali isipokuwa pale mdhamini anafaa kuweka sahihi. Mdhamini ni mathe. Anayeomba mkopo ni bro wangu mkubwa. Na anachotaka kununua ni Land Rover Discovery 4 ya 2013, nyeusi, viti vya ngozi, milioni mbili unusu.

Mimi nimewekwa katikati. Bro ananiambia, "Wewe ndiye mtu wa mtandao, hebu muonyeshe mathe hii gari ni moto." Mathe naye ananiita jikoni: "Wewe ndiye hupenda kusoma. Niambie ukweli, hii gari ni ya kuaminika ama ni ya kuringa?"

Basi nikakaa chini nikasoma. Historia, takwimu, malalamiko ya wenyewe, kila kitu. Wasee wa Land Rover, mnisamehe mapema.

Kwanza mjue mapenzi ya bro hayakuanza jana. Mjomba wetu alikuwa mwalimu Maralal, na tukiwa wadogo tulienda kwake likizo ya Disemba. Ukishafika Maralal unajua: huo ni mji wa Land Rover. Si zile za kung'aa za Westlands. Ni zile za zamani, ndefu, zimepakwa rangi mara nne, zinabeba watu, mbuzi, unga na kreti za soda kwenda mahali ambapo matatu ya kawaida ingegeuka irudi nyumbani.

Siku moja tulipanda moja kwenda Baragoi, karibu kilomita 100 za mawe na vumbi. Kabla ya kung'oa nanga, dereva, mzee wa kofia ya sufi, aliingia chini ya gari na spana akapitia nati moja baada ya nyingine. Chini ya kiti alikuwa na waya, vipande vya tyubu kuukuu, na kipande cha sabuni ya mche. Bro akamuuliza sabuni ni ya nini. Mzee akamjibu bila hata kumwangalia, "Tangi ikitoboka na jiwe, unapaka sabuni, unaenda."

Tulifika jioni tukiwa na rangi moja sote, ya vumbi. Bro alikuwa na miaka kumi na moja. Nafikiri ni siku hiyo alinaswa, na hajawahi kutoka.

Sasa, hiyo gari ilitoka wapi?

Mwaka 1947, Uingereza ilikuwa imetoka vitani na mifuko imetoboka. Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover, alikuwa na shamba kisiwa cha Anglesey huko Wales, na shambani alikuwa anatumia Jeep ya Wamarekani iliyobaki baada ya vita. Akajiuliza ikishakufa atanunua nini. Stori maarufu ni kwamba alichora wazo lake mchangani ufuoni, Red Wharf Bay. Tarehe 30 Aprili 1948, Land Rover ya kwanza ikaonyeshwa Amsterdam.

Hapa kuna kitu nilipenda. Vile vitu tunavisifu kama ujanja wa Land Rover, vingi vilitoka kwa umaskini. Bodi ni ya aluminiamu kwa sababu chuma kilikuwa kinagawiwa kwa mgao. Rangi za kwanza zilikuwa kijani kwa sababu kulikuwa na kijani kilichobaki jeshini. Chesisi iliunganishwa kwa vipande vya chuma vilivyochomelewa, maana hakukuwa na pesa ya mashine kubwa za kukunja chuma. Na bodi ilikuwa bapa, imenyooka kama sanduku la shule, ndiyo maana fundi yeyote mwenye nyundo angeweza kuinyoosha.

Kumbe hakuna aliyeketi akasema "hebu tutengeneze gari ya miaka sabini." Walitengeneza gari ya watu waliobana matumizi. Halafu ikakutana na watu wengine wa kubana matumizi, yaani sisi.

Kenya iliingia na wakoloni, ikabaki baada yao. Polisi, maafisa wa utawala, wamishenari, watu wa wanyamapori. Kama umewahi kuona picha za Elsa, yule simba wa Joy na George Adamson, akiwa amelala juu ya paa la gari, hiyo ni Land Rover. Miaka ya 1970 serikali na kampuni ya Leyland zikaanzisha kiwanda Thika, na Land Rover zikawa zinaunganishwa hapo hapo. Kwa hivyo ile ya mzee wa Maralal si mgeni. Mafundi walizaliwa nayo na spea zilikuwa karibu.

Sasa tufike mahali penye uchungu. Kama Land Rover ni mfalme wa njia mbovu, mbona leo ukiona polisi, Umoja wa Mataifa au gari ya safari Mara, mara nyingi ni Land Cruiser?

Jibu linaanzia mbali, Australia. Miaka ya 1950 kulikuwa na mradi mkubwa wa umeme wa maji kwenye milima ya Snowy, na Land Rover zilikuwa zimejaa huko. Mkandarasi mmoja, Leslie Thiess, akaanza kuleta Land Cruiser kutoka Japani. Toyota walikuwa wametoa gari yao ya kwanza ya aina hiyo 1951, na jina la Land Cruiser likaja 1954. Injini yake ilikuwa kubwa zaidi. Na Land Rover za zamani zilikuwa na ugonjwa unaojulikana: zile ekseli fupi za nyuma zinazopeleka nguvu kwa magurudumu zilikuwa zinakatika ukizibebesha mizigo mizito. Mjapani akaona mwanya, akapita nao. Kilichotokea huko kikaja kutokea Afrika pia.

Wakati huo Land Rover yenyewe ilikuwa inapitishwa mkono kwa mkono kama mtoto wa kulelewa na shangazi wote. Leyland, halafu serikali ya Uingereza 1975, baadaye BMW 1994, Ford 2000, na mwaka 2008 Tata wa India. Range Rover ilikuwa imetoka 1970, na polepole kampuni ikagundua kwamba tajiri wa London analipa vizuri kuliko mkulima wa Wales. Tarehe 29 Januari 2016, Defender ya mwisho ya mtindo wa zamani ikatoka kiwandani Solihull. Ile mpya, iliyozinduliwa 2019, inatengenezwa Slovakia na haina hata ile chesisi ya ngazi. Jina limebaki lile lile, ila gari ni nyingine kabisa.

Na hapo ndipo nilianza kuona kosa la bro. Anachukua sifa za gari ya mzee wa sabuni, anazibandika kwa Discovery yenye skrini na saspensheni ya hewa. Hizo si gari moja, hata kama beji ni ile ile.

Twende kwa takwimu. Marekani kuna kampuni inaitwa J.D. Power ambayo kila mwaka huuliza wenye magari ya miaka mitatu: gari yako imekusumbua mara ngapi? Halafu wanahesabu matatizo kwa kila magari 100. Mwaka 2021 Land Rover ilishika mkia ikiwa na matatizo 244, wakati wastani wa makampuni yote ulikuwa 121. Mwaka 2023 ikashika mkia tena: 273, wastani 186. Lexus, ambayo ni Toyota aliyevaa suti, ilikuwa na 133.

Nilipomwonyesha bro, alisema, "Hao Wamarekani wanalalamika hata Bluetooth ikikataa." Na kusema ukweli, ako na pointi. Kwenye hiyo hesabu, redio inayogoma kuunganika na simu ni tatizo moja, na injini iliyokufa pia ni tatizo moja. Ripoti ya 2023 yenyewe ilisema mambo ya skrini na muziki ndiyo yaliongoza kwa malalamiko. Kwa hivyo huwezi kuchukua 273 ukasema magari hayo yote yanaachwa barabarani.

Lakini hapa bro hakufikiria mbali. Hao wanaoulizwa wako na gari ya miaka mitatu. Bro anataka ya zaidi ya miaka kumi, imepitia mikono miwili, waranti ilishakufa ikazikwa. Kama mwenye kwanza alilalamika gari ikiwa bado inanukia upya, wewe wa tatu unatarajia nini?

Nikahama kwa takwimu nikaenda kwa wenyewe. Watu wa Discovery 3 na 4 wanaongea sana, na wanaongea kwa mapenzi, lakini sikiliza wanarudia nini. Kompresa ya saspensheni ya hewa inachoka, mifuko ya hewa inavuja, asubuhi unapata gari imechuchumaa kama ngamia. Breki ya mkono ya umeme inagoma. Na lile kubwa linalowanyima usingizi: kwenye injini za dizeli za V6, kuna visa vingi vya krankishafti kukatika, na ikikatika unatafuta injini nyingine. Turbo ikiharibika, mafundi wengi huinua bodi yote kutoka kwa chesisi ndipo waifikie. Bodi yote, wasee! Fikiria yule mzee wa Maralal akiambiwa hivyo.

Kitu kingine nilijifunza kuhusu hizi ripoti za wenyewe. Aliyebaki na Land Rover miaka kumi ni yule aliyeweza kuivumilia. Alijifunza, akapata fundi wake, akaweka pesa kando. Huyo ndiye utamsikia akisema "haijawahi niangusha." Aliyeshindwa aliuza kimya kimya akanunua kitu kingine, na hakuna mahali anakaa kutoa ushuhuda. Sitaki kusema wapenzi wa Land Rover ni waongo. Nasema unasikia waliofika tu.

Jumamosi iliyopita tulienda kuiona. Yadi moja tu Nairobi, sitaitaja. Lazima niseme, ndai ni safi. Bro aliingia akashika usukani, na nikaona uso wake ukarudi ule wa miaka kumi na moja. Hapo hata mimi nilitaka kumwambia chukua tu.

Halafu nikauliza rekodi za sevisi. Muuzaji akasema mwenyewe alizipoteza. Tukauliza kama tunaweza kuleta fundi wetu na mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Akasema sawa, lakini mkilipa kwanza laki mbili za kushikilia gari, na hazirudishwi. Bro akaniangalia. Nikaangalia chini.

Jioni mathe alitusikiliza hadi mwisho. Mathe hajui turbo ni nini. Alifundisha shule ya msingi miaka thelathini, na hizo hisa ziko Sacco ni chaki ya miaka thelathini. Bro asipolipa, wanakata hapo. Aliuliza maswali mawili tu.

"Hiyo gari ikiharibika, nani ataitengeneza?"

Bro akasema kuna fundi mtaalamu Industrial Area.

"Na ukishalipa mkopo mwisho wa mwezi, unabaki na ngapi ya kumlipa huyo fundi?"

Kimya. Ulikuwa ule ukimya wa mtoto aliyeulizwa mabaki ya pesa ya duka.

Na hapo ndipo nilielewa vizuri kuliko kwa ripoti zote nilizosoma. Tunauliza "hii gari inaharibika?" wakati kila gari huharibika. Ile ya mzee wa Maralal pia huharibika, ndiyo maana alitembea na spana, waya na sabuni. Lakini ugonjwa wake unaweza kutibiwa chini ya mti na mtu aliye hapo, kwa pesa aliyo nayo mfukoni. Aliiamini kwa sababu aliijua yote, nati kwa nati. Discovery ni gari nzuri sana, pengine nzuri kuliko nyingi nitakazowahi kukalia. Ila inataka mtu mwenye pesa ya gari mara mbili: ya kuinunua na ya kukaa nayo. Bro ako na ya kwanza tu, na hata hiyo si yake, ni ya mathe.

Nimemwambia hivyo. Hatujaongea vizuri tangu Jumapili. Anasema nimemuuza. Labda. Lakini kama ungekuwa wewe, na ni mamako anaweka sahihi, ungesema nini?

Jana usiku alinitumia picha bila neno lolote. Ni Land Rover ya zamani, Series III, inauzwa huko huko Maralal. Chesisi imeanza kuoza, kiti kimoja hakipo, bei yake hata haihitaji mdhamini. Nimeiangalia mara kama sita hivi. Bado sijamjibu.