Nesi wa Mwaloni

Wiki hii tumemzika mama yetu nesi, na wasifu wake ulisomwa vizuri. Alibatizwa akiwa msichana, akasomea uuguzi Kolandoto kule Shinyanga, akazalisha nusu ya vijana waliobeba jeneza, akaimba kwaya ya akina mama wa kanisa letu la AICT mpaka sauti ilipomkatalia. Yote kweli tupu. Ila mwalo, pale tunapooshea na kuchenjulia dhahabu, haukutajwa hata mara moja, na mimi nilimjulia mwaloni.

Mimi ni mchenjuaji wa dhahabu, Rwamgasa, Geita. Kwa asiyeijua kazi yetu: mawe yakitoka duarani, yaani shimoni, yanasagwa kwenye karasha, unga unaoshwa kwa maji, kisha unachanganywa na zebaki ili ikamate punje za dhahabu. Unakamua kwenye kitambaa, kinabaki kidonge cha kijivu. Ukikichoma, zebaki inaruka, dhahabu inabaki. Wanaume wanashika duara, sisi wanawake tumeachiwa marudio, ule unga uliokwisha kuoshwa. Na tulichomea jikoni, kwenye jiko lile lile la ugali, mtoto mgongoni, kwa kuwa nje macho ni mengi na dhahabu haipendi macho.

Nesi alikuja jioni moja akitoka zamu zahanati, kitenge kiunoni, akaketi juu ya kiroba cha marudio. Hakufungua Biblia. Aliniambia ninyooshe mikono mbele, na vidole vikawa vinacheza vyenyewe.

"Ni malaria tu, mayu," nikamwambia.

"Malaria gani isiyo na homa, mwanangu?"

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, alitusimulia habari za Minamata, mji wa Japani. Kiwanda kilimwaga zebaki baharini, samaki wakaila, watu wakala samaki. Mwaka 1956 ugonjwa ukatambuliwa rasmi: watu wazima wanashindwa kushika kijiko, watoto wanazaliwa na ulemavu ilhali mama zao wanaonekana wazima. Mkataba wa dunia wa mwaka 2013 kuhusu zebaki unabeba jina la mji huo. Zebaki yetu, akasema, haipitii kwa samaki peke yake. Inapanda kama mvuke usioonekana wala kunuka, inaingia mapafuni, nyingine inatua kwenye sufuria.

Tuliogopa, tukaenda nyumbani, tukachoma kama kawaida. Ada ya shule haingoji.

Yeye alilijua hilo, na hapo ndipo anaponishangaza mpaka leo. Hakutuambia tuache dhahabu. Alikwenda kwa fundi wa kuchomelea, akatengenezewa kikopo cha chuma chenye mfuniko unaobana, na bomba refu linaloinama mpaka kwenye bakuli la maji. Akakileta mwaloni ndani ya kapu. Aliomba kwa maneno machache, macho wazi, maana moto ulikuwa umekwisha kuwashwa. Tukaweka kidonge, tukafunga, tukasubiri. Tulipolitazama bakuli, chini kulikuwa na matone yanayong'aa, yanakimbizana. Zebaki yetu imerudi! Wale waliomwita mlokole anayeingilia riziki za watu wakasogea kuangalia, kwa sababu zebaki tunainunua, na si bei ya chumvi. Nasema wazi mbele za Mungu: tulibadilika kwa ajili ya mfuko kwanza, afya ikafuata nyuma.

Siku hizi nachomea nje, mbali na nyumba, upepo ukiwa mgongoni, na mtoto hakanyagi pale. Serikali ilipofungua soko la madini pale Geita mwaka 2019, haja ya kujificha nayo ikanipungua, nauza mchana kweupe. Mikono imetulia, ingawa kutunga uzi kwenye sindano bado namwita binti yangu. Wengine wakishuhudia husema wameponywa kabisa. Mimi sijaponywa kabisa, na nesi mwenyewe aliniambia nisitegemee hivyo.

Kikopo kile bado kinazunguka kati yetu, kimeshachomelewa upya mara kadhaa. Kuna wenzetu wanaochomea ndani hadi leo, na alikuwa akiwaendea bila kuchoka, hata alipoanza kutembelea fimbo.

Mchungaji ameniambia wasifu utasomwa tena kwenye ibada ya shukrani. Nimempelekea karatasi yenye habari hizi za mwaloni, nikamwomba aziweke kabla ya zile za kwaya.