Ukope wa Kondoo Mwekundu

Shamba la bibi lilikuwa nyuma ya mivinje, mwendo wa dakika kumi kwa miguu kutoka ufuo wa Shelly Beach. Ukisimama zizini wakati wa kusi ulisikia mawimbi yakipasuka mwambani, na harufu ya mwani uliotupwa na bahari ikichanganyika na ya samadi. Kati ya vigogo vya minazi zilionekana meli zikingoja zamu ya kuingia Kilindini. Haya ninayoyaeleza ni ya mwaka 1996 hadi 1998, nilipokuwa mwanafunzi wa shule ya msingi na mchungaji wa kondoo wa bibi mzaa mama kila siku isiyo ya shule.

Watu wakisikia jina Shelly Beach hufikiria hoteli na kuogelea. Likoni ya siku hizo ilikuwa bado nchi ya mashamba. Ukishuka feri, matatu za Ukunda ziliendelea mbele kuelekea kusini. Wewe ukipinda kushoto kufuata njia ya Shelly Beach, hukukawia kukuta mihogo, minazi, miembe, na mbuzi waliofungwa kamba kando ya njia.

Kondoo wa bibi walikuwa kumi na mmoja, wekundu kama udongo wa Voi. Walikuwa na manyoya mafupi yaliyolala, mkia mnene wa mafuta, na masikio yaliyoinama. Kitabu chetu cha shule kilikuwa na picha ya kondoo mweupe aliyejaa sufu, na kwa muda mrefu niliamini kwamba wa bibi walikuwa kondoo nusu. Nilipomwambia hivyo alicheka, akanishika mkono, akaupitisha mgongoni mwa jike mmoja. "Sufu ya nini kwa joto hili, mjukuu wangu? Huyu amevaa nguo ya kwao."

Walikuwa kondoo wa Kimaasai. Bibi aliwanunua wa kwanza kwa mchungaji mmoja aliyeleta mifugo kuuza kabla ya Idi, naye mchungaji akamwachia elimu pamoja na wanyama. Elimu hiyo ilikuwa na kanuni tatu, na bibi alizishika kama sala.

Ya kwanza ilihusu umande. Mlango wa zizi haukufunguliwa mpaka majani yakauke. Nikirudi madrasa saa tatu asubuhi, nilimkuta bibi amechutama, anapapasa nyasi kwa kiganja. Mkono ukitoka na maji, kondoo wanangoja. Baadaye nilijifunza kwamba mayai ya minyoo hutoka na kinyesi, yakipata joto na unyevu yanaanguliwa, na kwa muda wa kama wiki moja viluwiluwi vyake huwa tayari kumwambukiza mnyama. Hupanda kwenye jani wakifuata maji ya umande, na wengi hukaa karibu na udongo. Kondoo hula kwa kukwangua chini kabisa, ndiyo maana humeza wengi kuliko mbuzi, ambaye akiachiwa nafasi hunyoosha shingo kwenye vichaka.

Ya pili ilihusu dume. Bibi alimfunga kitambaa cha gunia tumboni, kikaning'inia mbele ya uume wake kama aproni, ili asipande majike ovyo. Kondoo jike asiyeshika mimba hurudi joto kila baada ya siku 17 hivi, na mimba yake huchukua siku 150, yaani miezi mitano. Bibi hakuhesabu siku. Alihesabu miandamo ya mwezi. Gunia lilifunguliwa Julai, wana-kondoo wakazaliwa Disemba vuli ikiwa imekwisha na kaskazi imeanza kukausha nchi. Masika ilipofika Aprili walikuwa na miezi minne, wameachishwa ziwa, wana nguvu. Jike anayekaribia kuzaa na anayenyonyesha hulegea kinga, na minyoo iliyomo tumboni mwake hutaga kwa wingi. Kuzaa katikati ya mvua ni kumzalia mtoto kwenye malisho yaliyojaa adui.

Ya tatu ndiyo iliyonifanya niandike leo. Kila Jumamosi bibi alimbana kondoo mmoja mmoja kati ya magoti, akaweka kidole gumba juu ya jicho, akakandamiza taratibu, huku kidole gumba cha pili kikivuta ukope wa chini. Ngozi laini ya ndani ilijitokeza. Nami nilipewa kazi ya kusema rangi.

"Komamanga," nilisema ikiwa nyekundu.

"Mwache aende."

"Nazi," nilisema ikiwa nyeupe.

"Mtenge. Huyo apewe dawa."

Ilikuwa kama mchezo, na mchezo huo ulipima damu. Mnyoo mbaya kuliko wote kwa kondoo wa nchi za joto anaitwa Haemonchus. Hukaa katika tumbo la nne, lile linalofanana kazi na tumbo la binadamu, akinyonya damu mchana na usiku, na jike mmoja huweza kutaga mayai zaidi ya 5,000 kwa siku. Kondoo anayenyonywa hivyo huonyesha upungufu wa damu kwenye ukope kabla hajalala chini. Miaka hiyohiyo ya 1990 madaktari wa mifugo wa Afrika Kusini walitengeneza kadi yenye rangi tano za ukope, inayoitwa FAMACHA, ili mfugaji ampe dawa anayehitaji tu na minyoo isizoee dawa. Bibi alikuwa na rangi mbili.

Mwishoni mwa 1996 mjomba, kaka yake mama, alirudi kutoka bara na kondoo wanne nyuma ya pikapu. Walikuwa Dorper: mwili mweupe, kichwa cheusi, mapaja yaliyojaa. Jamii hii ilitengenezwa Afrika Kusini miaka ya 1930 kwa kuchanganya kondoo wa Uingereza aitwaye Dorset Horn na kondoo mwenye kichwa cheusi ambaye asili yake ni Usomali. Nia ilikuwa kupata kondoo wa nyama anayekua haraka kwenye nchi kavu, na kwenye nchi kavu kweli hukua. Mjomba alikuwa mtu wa bidii. Alikuwa ameweka akiba ya miezi mingi, na macho yake yaling'aa alipowashusha.

"Shikamoo, mama. Hawa wakifika Idi watakuwa wamewazidi wako uzito, tena kwa mbali."

"Marahaba, mwanangu. Ni wazuri." Bibi akamfungua mmoja mdomo. Kondoo hana meno ya mbele taya la juu. Umri wake husomwa chini. Aliona meno mawili mapana katikati, mengine bado ya utoto. "Huyu ana mwaka na kitu. Mahali alikotoka mvua inanyesha kama hapa?"

"Huko ni kukavu, mama."

Bibi hakusema zaidi. Aliwapa nafasi zizini, na dume wa mjomba akachukua zamu ya kupanda.

Mwaka wa kwanza mjomba alionekana mwenye haki. Masika ya 1997 bibi alichelewesha malisho, akatoa dawa, na Dorper wakanenepa. Kisha ikaja Agosti. Ghasia za Likoni zilianza usiku wa tarehe 13, nyumba zikachomwa, watu wengi wakauawa au kupoteza makao, na familia nyingi zikakimbilia ng'ambo. Mama alinivusha kisiwani kwa shangazi. Bibi alikataa kuondoka. Alisema majike yana mimba na hakuna wa kuyapa maji. Mpaka leo nikikumbuka neno hilo kifua kinanibana, kwani sijui ni wangapi kati yetu wangekaa.

Niliporudi shambani, vuli ilikuwa imeanza, na haikukatika. Ilikuwa mvua ya El Niño. Kuanzia Oktoba 1997 hadi mwanzoni mwa 1998 maji yalishuka kama masika mbili zilizoungana. Nyasi chini ya minazi zilifika magotini mwangu. Siku nyingi umande haukukauka kwa sababu haukuwa umande, ulikuwa mvua, na mnyama hawezi kufungiwa wiki nzima bila kula. Tulikata majani ya juu na majani ya mkunde, tukaongeza maganda ya mihogo yaliyoanikwa darini, lakini hayakutosha. Ilibidi tuwafungulie.

Disemba, kwenye ukope wa Dorper wa kwanza, niliita "nazi". Wiki iliyofuata alikuwa na uvimbe laini chini ya taya, kama kifuko cha maji: ndiyo dalili ya damu iliyokwisha nguvu. Mjomba alinunua dawa, akawanywesha wote wanne. Walipata nafuu siku chache, wakarudi kwenye nyasi zilezile, wakameza tena. Wa kwanza alikufa kabla ya Ramadhani. Mzoga hauliwi, kwa hiyo ulikuwa wa kuzikwa, lakini jirani mmoja aliyekuwa mchinjaji alimwomba mjomba ruhusa ya kuupasua aone sababu. Alifungua tumbo la nne, akalimwagia maji kidogo. Minyoo ilikuwa mamia, myembamba kama uzi wa kushonea, kila jike amesokotwa rangi mbili, nyekundu na nyeupe, kama kamba. Nyekundu ile ilikuwa damu ya kondoo. Mjomba aliangalia kwa muda mrefu, kisha akaenda kuchukua jembe.

Wakafa watatu kati ya wanne. Wana-kondoo waliozaliwa na dume wao, nusu Dorper nusu wekundu, walikufa wengine na wengine wakabaki. Majike mekundu yalikonda, mbavu zikahesabika, lakini ukope wao ulibaki kati ya nazi na komamanga, rangi ya waridi. Hakuna hata mmoja aliyeanguka.

Usiku mmoja wa Januari jike kongwe lenye doa jeupe pajini lilizaa, mvua ikipiga makuti. Bibi alinishikisha kandili. Zilitangulia kwato mbili ndogo, pua ikiwa imelala juu yake, ndivyo inavyotakiwa. Mwana-kondoo alipotoka bibi alimfuta puani, akachovya kitovu chake kwenye aidini, kisha akamweka mbele ya mama yake alambwe. "Mpe dang'a sasa hivi," aliniambia, "asubuhi ni mbali." Nilimwelekeza chuchu mdomoni. Maziwa hayo ya kwanza, mazito na ya manjano, ndiyo kinga yote ya mwana-kondoo, kwa maana tumboni hapokei kinga ya mama yake, na utumbo wake hupitisha kinga hiyo kwa saa chache tu baada ya kuzaliwa. Alikuwa mwekundu mzima. Baba yake alikuwa dume la zamani. Usiku mmoja wa Agosti, bibi akiwa peke yake, gunia lilikuwa limelegea.

Ng'ombe nao walinifundisha somo hilohilo. Jirani alikuwa na ng'ombe wa kigeni wa maziwa, aliyekufa kwa ndigana, ugonjwa unaoletwa na kupe wa sikio la kahawia. Ugonjwa huo kwa Kiingereza umepewa jina la pwani yetu: ulipozuka Rhodesia mwanzoni mwa karne ya 20, iliaminika kwamba ulisafiri na ng'ombe waliopakiwa meli kutoka pwani hii. Ng'ombe wa bibi, wa nundu, mfupi, alikuwa na kupe walewale, na hakuugua. Alitoa maziwa machache, lakini alitoa.

Miaka mingi baadaye, nikisomea mifugo, nilisoma kwamba kati ya 1991 na 1996 watafiti waliwafuga kondoo wekundu wa Kimaasai na Dorper pamoja katika shamba la Diani, kilomita zipatazo 20 kusini ya Mombasa, kwenye mvua na joto lilelile letu. Walihesabu mayai ya minyoo, walipima damu, walipima uzito, kondoo mmoja mmoja. Wekundu walitoa mayai machache, damu yao ilishikilia, na wana-kondoo wao waliishi zaidi. Tena sifa hiyo hurithiwa. Nilisoma ukurasa huo nikiwa nimesimama maktabani, na mkononi nilihisi manyoya mafupi ya jike la bibi.

Elimu hiyo imefika wakati damu ya wekundu inapungua. Tangu miaka ya 1970 madume wa Dorper wamesambazwa Kenya, na wafugaji wengi wamewapandisha kwenye majike yao yote mpaka kondoo mwekundu halisi amekuwa wa kutafutwa. Simlaumu mfugaji, kilo huonekana kwa macho, uvumilivu huonekana mwaka wa mvua tu. Mjomba mwenyewe aliniambia, baada ya El Niño, kwamba angekuwa na kondoo wekundu mia angewauza kumi, akanunua Dorper wawili, akawaweka mahali pakavu. Nadhani hiyo ni hesabu nzuri.

Bibi ameshatangulia mbele ya haki, na shamba lake limegawanywa viwanja. Nina ombi moja kwa mwenye kondoo wekundu, awe Kwale, Kajiado au popote. Changanya ukitaka, lakini usichanganye wote. Bakisha majike kadhaa wa damu safi, uwatafutie dume mwekundu, na dume huyo umbadilishe kila baada ya miaka miwili asije akawapanda binti zake. Kila Jumamosi wafunue ukope. Mvua kubwa itarudi, na wao ndio watakaobaki zizini.