Bonde la Gorges Kabla ya Saa Tatu

Watu wakisikia kwamba niliwahi kupanda Mlima Kenya, swali lao la kwanza ni moja: ulifika juu? Nilifika. Nilisimama Lenana, mita 4,985, alfajiri, upepo ukinikata masikio, nami nilimshukuru Mungu. Lakini miaka yote hii mlima ukinijia usingizini, siioni Lenana. Naliona Bonde la Gorges, upande wa mashariki, ambalo wapandaji wengi hulipita mbio huku macho yao yametangulia kileleni.

Ilikuwa Januari 1993. Mimi ni mzaliwa wa Kipini, pale Mto Tana unapoingia baharini, na wakati ule nilifanya kazi katika studio moja ya picha Mombasa: picha za paspoti, harusi, familia zilizovalia sikukuu. Mteja wetu mmoja, mwalimu, alikuwa anakwenda mlimani na wenzake wakataka mtu wa kuwapigia picha. Mwenye studio akaniruhusu. Nikafungasha kamera, lenzi mbili, stendi na filamu za slaidi nilizozifunga kwenye mifuko ya nailoni, nikapanda basi.

Kutoka mji wa Chogoria gari lilitupeleka kilomita thelathini hivi ndani ya msitu, kwanza miti mikubwa, kisha mianzi, barabarani kinyesi cha tembo kikifuka moshi kwa baridi ya asubuhi. Tulilala karibu na lango la hifadhi, kiasi cha mita 3,000. Mtu wa pwani hana nguo za baridi ile. Kiongozi wetu, mzee wa Chogoria aliyekuwa mpagazi tangu ujanani, alinitazama nikitetemeka, akanivulia sweta lake bila kusema neno.

Siku iliyofuata tulitembea kwenye ukingo wa bonde, katikati ya nyasi za mafungu na vichaka vya erika. Bonde lenyewe lilikuwa chini, kushoto kwetu, limejaa ukungu tangu saa nne mpaka jioni. Niliusikia mto na sikuuona. Desturi ni kuendelea hadi kwenye vidimbwi vya Hall Tarns, mita 4,300, kulala hapo, kisha kilele. Mzee alikataa. Alimwambia mwalimu kwamba kama wamemleta kijana na kamera toka Mombasa, basi tushuke tukalale chini, kando ya Ziwa Michaelson.

"Lakini kijana wangu," akaniambia, "hapa jua halingoji mtu amalize chai. Ikifika saa tatu ukungu umeshapanda."

Alikuwa anazungumza sayansi ya bonde zima. Gorges lilichongwa na barafu ya zamani, ndiyo maana lina kuta wima na sakafu pana, nalo limefunguka kuelekea mashariki. Jua likichomoza huingia mdomoni mwake moja kwa moja. Saa mbili au tatu baadaye msitu ulio chini umepata joto, hewa yake yenye unyevu inapanda, inafuata njia ileile ya jua, na bonde linazibwa. Mpiga picha ana muda huo tu.

Niliamka gizani. Betri za kamera nilikuwa nimelala nazo kwapani, maana baridi huzifisha. Nje ya hema kulikuwa na lobelia, ile fupi ambayo majani yake hujipanga mviringo na kushika maji katikati. Nilimulika kwa tochi. Maji yalikuwa na utando wa barafu juu, wa kung'aa, lakini nilipougusa kwa kidole ulivunjika na chini yake maji yalikuwa bado maji. Majani ya ndani yalikuwa yamefumbana, yameficha chipukizi. Mmea huo hufanya hivyo kila usiku: unajifunga, unaiacha barafu iishie juu, na jua likitoka unajifungua. Nilipiga magoti pale kwa muda mrefu kuliko nilivyosimama kileleni. Kulipopambazuka chozi mmoja wa kijani kinachometa akatua kwenye mti wa maua wa lobelia ya jirani, akaanza kuchokoachokoa.

Juu ya ziwa umesimama ukuta wa mwamba uitwao Temple, takriban mita 300. Mwanga uligusa kichwa chake kwanza, mwekundu, huku ziwa likiwa bado jeusi. Filamu ya slaidi haisamehe: ukipima mwamba ziwa linapotea, ukipima ziwa mwamba unaungua. Nilichofanya ni kungoja mwanga uteremke. Uliteremka taratibu, ufa kwa ufa, hadi ukafika kwenye misenesio iliyo chini ya ukuta, ile miti yenye vigogo vilivyovaa majani yake makavu kama watu waliojifunika mablanketi. Ziwa lilipoanza kuonyesha ukuta ndani yake nilibana pumzi, isije ikatia ukungu lenzi, nikafyatua.

Baadaye nilikwenda kuchota maji ya chai kwenye mkondo unaotoka ziwani.

"Mzee, huu ndio mto gani?"

"Nithi. Unashuka mpaka unaingia Tana."

Nilibaki nimechutama na birika mkononi. Tana ya kwetu ni pana, rangi ya udongo, inabeba tope la nchi nzima. Mama yangu alikuwa akiyaacha maji yake yatuame mtungini kabla hatujayanywa. Na hapa ilikuwa na upana wa hatua moja, unaona kila kijiwe, inaumiza vidole kwa baridi. Nilipiga picha ya mkondo ule kwa ajili ya mama. Aliiweka ukutani Kipini, karibu na mlango, akiwaeleza wageni kwamba hayo ndiyo maji yao.

Kilele kilikuja usiku uliofuata, kisha tukateremka upande wa kaskazini kwa Bonde la Mackinder, kavu zaidi, zuri pia, ila miguu ilikuwa imechoka na filamu zimebaki chache. Kutoka Lenana nilikuwa nimepiga barafu ya Lewis kwa haraka, chini yetu, nyeupe, ikiteremka kati ya miamba.

Picha hiyo ndiyo wanayoiomba sasa. Barafu ya Lewis imepimwa tangu 1934, na kufikia 2010 ilikuwa imepoteza asilimia 90 ya ujazo wake. Tangu hapo imezidi kupungua. Wanafunzi huja nyumbani, naiwasha mashine ya slaidi, wanaweka picha zao mpya kando ya yangu na chumba kinakuwa kimya. Inaniuma. Nawaonyesha, kisha nawaomba wakae kidogo niwaonyeshe na Gorges, kwa sababu barafu iliyolichonga lile bonde nayo iliondoka zamani, na wao wakipita Chogoria wataliona kutoka ukingoni tu. Nawaambia waombe kulala chini ziwani, wakate siku moja mahali pengine kama chakula ni kidogo, na saa kumi na moja alfajiri wawe nje ya hema, betri zikiwa na joto.